Nyumba ya Watu 80,000: Tuhesabu Viti au Milango?

Wengi wetu huku mashariki na kule Katanga hatujafika Kinshasa, lakini ni wachache wasiojua Stade des Martyrs. Tumeusikia redioni siku Léopards wanapocheza. Tumeuona katika picha. Na sisi makatekista hatutausahau, maana ndipo marehemu Baba Mtakatifu Fransisko alipokutana na vijana na makatekista tarehe 2 Februari 2023. Watu zaidi ya 60,000 waliimba siku ile, kisha wakarudi kwao.

Leo twataka kuutazama uwanja ule kama fundi atazamavyo nyumba: kusifu kinachostahili sifa, na kuonyesha palipo na ufa. Hatufanyi hivi kwa kupenda kulaumu. Watu wamekufa pale, mara mbili katika muda usiofika miaka miwili. Basi kunyamaza si upole.

Nyumba moja, kazi nyingi

Kabla ya uwanja huu, mji ulikuwa na uwanja mwingine mashuhuri, ule uliofunguliwa mwaka wa 1952 kwa jina la Mfalme Baudouin. Siku hizi unaitwa Tata Raphaël, kwa kumkumbuka Padri Raphaël de la Kethulle, mmisionari wa Scheut aliyewapenda vijana na kuwajengea shule na viwanja. Hapo ndipo Muhammad Ali alipompiga George Foreman tarehe 30 Oktoba 1974, na dunia nzima ikasikia jina la Kinshasa.

Lakini mji ulizidi kukua. Mwaka wa 1988 ujenzi wa uwanja mpya ulianza, wajenzi wakiwa Wachina, na mwaka wa 1994 ulifunguliwa kwa jina la Kamanyola. Mwaka wa 1997, utawala ulipobadilika, ukapewa jina la Mashahidi wa Pentekoste. Hao ni Évariste Kimba, Jérôme Anany, Emmanuel Bamba na Alexandre Mahamba, walionyongwa hadharani mbele ya umati mkubwa tarehe 2 Juni 1966. Tulishike jina hilo moyoni, tutalirudia.

Tuseme kwanza mema yake. Nchi yetu ni kubwa, na mfuko wake una matundu. Kujenga uwanja mmoja wa mpira, mwingine wa mbio, mwingine wa muziki na mwingine wa sherehe za taifa, hatungeweza. Hivi waliochagua nyumba moja kwa kazi nyingi hawakuwa wajinga. Mwaka wa 2023, michezo ya nchi zinazosema Kifaransa ilipofanyika Kinshasa, uwanja huo ndio uliopokea wageni. Katika nyumba hiyo hiyo watu hushangilia mpira, hukimbia, huimba na kusali. Hiyo ni faida ya kweli.

Hata hivyo, jembe lililofanywa liwe pia shoka halikati vizuri kama shoka, wala halilimi vizuri kama jembe. Tuone hasara zake.

Hasara ya kwanza: watu wako mbali

Njia ya mbio ya kawaida ina urefu wa mita 400, nayo huzunguka kiwanja cha mpira. Chukueni kalamu, tuhesabu pamoja. Toka mstari wa goli mpaka ukingo wa ndani wa njia, katikati ya kona, ni kama mita 26. Njia yenyewe, ikiwa na nafasi za wakimbiaji 8, ni karibu mita 10. Basi mtu aketiye nyuma ya goli, hata akiwa wa kwanza kabisa mbele, yuko mita 36 mbali na goli lililo karibu. Goli la upande wa pili liko mbali naye kwa mita zaidi ya 140. Na aliye juu kabisa, je? Yeye huona wachezaji kama siafu wa rangi mbili. Akisikia wenzake wakipiga kelele, hujua kwamba goli limeingia.

Watu wa Lubumbashi wanaijua tofauti. Uwanja wa TP Mazembe pale Kamalondo, uliofunguliwa mwaka wa 2011, ni mdogo, huchukua watu kama 18,000 tu. Lakini hauna njia ya mbio. Mtu aketiye mbele husikia mpira ukipigwa, humsikia hata kocha akigomba. Ni nyumba ya kazi moja, na kazi hiyo huifanya vema.

Wafaransa walitafuta dawa nyingine. Katika Stade de France, uliofunguliwa mwaka wa 1998, viti vya chini vinaweza kusukumwa nyuma mita 15 njia ya mbio itakiwapo, kisha kurudishwa mbele kwa ajili ya mpira. Ni ufundi mzuri, lakini ni wa gharama. Hatusemi Kongo iige. Tunasema tu kwamba hasara hii, ingawa inachukiza, haiui mtu. Kwa hiyo tusikae hapo muda mrefu.

Hasara ya pili: mlango

Tarehe 29 Oktoba 2022, katika tamasha la mwimbaji Fally Ipupa, watu 11 walikufa Stade des Martyrs, wawili kati yao polisi. Waziri wa Mambo ya Ndani aliwalaumu watengenezaji wa tamasha kwamba walijaza watu kupita kipimo. Wengi wakasema: "Basi, sababu ndiyo hiyo. Watu walikuwa wengi mno."

Lakini tarehe 27 Julai 2024, katika tamasha la nyimbo za dini la Mike Kalambay, watu 9 walikufa katika uwanja ule ule. Na magazeti yalisema kwamba siku ile walikuwamo watu kama 30,000. Wasomaji, fikirini vizuri. Nyumba ya watu 80,000, ndani yake watu 30,000, viti zaidi ya nusu ni vitupu, na bado watu wanakanyagana mpaka kufa! Je, tutasema tena kwamba kosa ni wingi wa watu?

Sisi twafikiri kwamba neno "watu 80,000" limetudanganya. Tunapimia uwanja kwa viti, kana kwamba watu huja kukaa tu, wala hawaingii wala hawatoki. Kumbe nyumba ya umati hupimwa kwa mlango. Waingereza, waliofiwa na wengi viwanjani, wana kitabu cha usalama kinachoeleza hesabu yake. Katika njia tambarare, kila mita moja ya upana hupitisha watu 82 kwa dakika. Katika ngazi ni 66 tu. Na penye hatari, watu wote watoke mahali pa hatari kabla ya dakika 8 kupita.

Tuhesabu tena. Watu 80,000 kwa dakika 8 ni watu 10,000 kila dakika. Hapo yatakiwa milango na njia zenye upana wa mita 122 kwa jumla, na zote ziwe wazi. Kwa watu 30,000 zatosha mita 46. Lakini mlango uliofungwa kwa kufuli, au uliozuiwa na meza ya mkata tiketi, au na gari la mkubwa fulani, haumo katika hesabu hiyo. Ni ukuta tu.

Tena kuna jambo ambalo wajenzi wa zamani hawakulitazamia sana. Siku ya mpira, watu huenea uwanja mzima kama maji katika bakuli, nao hutoka kwa kuzunguka pande zote. Siku ya muziki, jukwaa hukaa upande mmoja. Viti vya nyuma ya jukwaa huachwa, na wote husongamana mbele, wengine wakisimama chini panapochezewa. Hivi milango ya upande mmoja hubeba mzigo wa nyumba nzima, na ile ya upande wa pili husinzia. Kwa sababu hiyo twasema: mtu akitaka kutumia uwanja wa mpira kwa tamasha, asiseme "una nafasi 80,000". Ahesabu upya, kwa milango ile watakayoielekea watu wake.

Je, kosa ni la watu?

Twasikia jibu la wengine: "Watu wetu hawana adabu. Wanasukumana, wanaingia bila tiketi. Hata nyumba nzuri haitawasaidia." Hatukatai kwamba adabu yatakiwa. Siku ya Baba Mtakatifu watu walikuwa wengi kupita mara mbili ya wale wa 2024, na hatukusikia msiba. Mpango mzuri na utulivu una nguvu.

Hata hivyo tujihadhari na jibu hili. Huko Uingereza, katika uwanja wa Hillsborough, watu 97 walipoteza maisha kwa msiba wa tarehe 15 Aprili 1989. Hapo pia washabiki walilaumiwa: walevi, wakorofi. Miaka 27 ikapita. Mwaka wa 2016 baraza la wananchi lililosikiliza ushahidi likatamka kwamba washabiki hawakuwa na kosa. Waliofiwa walibeba msiba na aibu pamoja muda wote huo. Hata Afrika tumeona. Yaoundé, katika uwanja mpya wa Olembé, tarehe 24 Januari 2022, watu 8 walikufa mlangoni, na ilijulikana kwamba mlango uliopaswa kuwa wazi ulikuwa umefungwa. Na Lubumbashi hawajasahau mwezi wa Aprili 2001, ambapo polisi walitupa moshi wa machozi katikati ya mchezo wa Mazembe na Lupopo, na watu kadhaa wakafa wakikimbilia nje.

Mtu mwenye hofu hukimbia. Ndivyo alivyoumbwa. Fundi mwema hajengi kwa ajili ya watu wasio na hofu.

Matengenezo ya kweli

Kila baadaye twasikia kwamba uwanja fulani unatengenezwa. Huletwa nyasi za bandia, taa mpya, rangi, viti vya plastiki. Ni vizuri. Shirikisho la Mpira la Afrika limekataa viwanja vya nchi nyingi kwa kukosa mambo kama hayo, timu zikalazimika kucheza ugenini. Lakini rangi huonekana katika picha, na mlango hauonekani. Kwa hiyo rangi hupata fedha kwanza.

Tungeomba mpango ubadilishwe. Kwanza, kila mlango ufunguke kwa nje, na mtu mmoja mwenye ufunguo asiondoke hapo mpaka wote wametoka. Pili, watu wahesabiwe wanapoingia, si tiketi zilizouzwa tu. Tatu, kila kiti kiwe na namba. Nne, njia za ndani na ngazi ziwe tupu, zenye taa zisizozimika umeme ukikatika. Tano, walinzi wafundishwe kuongoza watu, wala wasirushe moshi ndani ya nyumba yenye watu. Sita, upana wa milango iliyo wazi uandikwe mlangoni, pamoja na hesabu ya watu unaowatosha. Katika hayo, matatu hayahitaji fedha nyingi. Yahitaji mtu wa kuwajibika.

Tusiseme kwamba haya ni ya wakubwa wa Kinshasa peke yao. Sisi wenyewe tuliwahi kufunga mlango wa pili wa sala ya misioni, siku ya mkesha wa Noeli, kwa hofu ya wezi. Tulipanga na mabenchi nyuma yake. Usiku waya wa umeme ukatoa cheche, mtu mmoja akapiga kelele "Moto!", na wote wakakimbilia mlango uliobaki, ambao ulifunguka kwa ndani. Moto haukuwako. Lakini mtoto mmoja alivunjika mkono chini ya miguu ya watu waliokuja kusali. Mama yake hakutulaumu, na hilo lilituuma zaidi kuliko lawama. Siku ya pili tuliondoa mabenchi, na fundi akageuza mlango. Kazi yake ilikuwa ya asubuhi moja.

Basi Jumapili hii, baada ya Misa, tutazame milango ya makanisa yetu, ya shule na ya sala za parokia. Inafunguka upande gani? Ni nani aliye na ufunguo?

Na wale wenye kusimamia uwanja mkuu wa taifa, tunawakumbusha jina lake. Mashahidi wanne wa Pentekoste waliuawa mbele ya watu kwa amri ya wakuu. Nyumba iliyopewa jina lao kwa kuwaheshimu isiendelee kuongeza majina mengine, ya vijana waliokuja kuimba tu, na ambao hakuna aliyeamuru wafe.