Takriri Isiyobeba Kitu

"Malakiti Likasi ni mahali bora pa kununua malakiti Likasi. Ukitaka malakiti ya bei nafuu Likasi, karibu kwenye duka letu la malakiti Likasi."

Aya hii ya kuuza malakiti, jiwe la kijani lenye shaba, katika mji wa Likasi huko Katanga, Kongo, nimeitunga mwenyewe, lakini msomaji wa tovuti za biashara ataitambua sauti yake. Ni utanzu wenye kanuni zake: jina la bidhaa na jina la mji yakae kwenye kichwa na kwenye sentensi ya kwanza, kisha yarudiwe mpaka Google iupandishe ukurasa juu. Kwa kuwa watu wanautegemea kupata riziki, unastahili kuhakikiwa kwa makini kama shairi.

Katika shairi, kibwagizo hurudi kikiwa kimebeba uzito wa ubeti uliotangulia. Hapa Likasi imetajwa mara 4, na mara ya mwisho haina habari ambayo ya kwanza haikuwa nayo. Weka mji mwingine wa Kongo, Kolwezi, mahali pake, au hata Mwanza ya Tanzania. Aya itasimama vilevile. Tazama na vitenzi: hakuna anayechonga, anayekata wala anayepima. Ni duka lisilo na watu.

Hata mashine iliyokusudiwa imeshaukataa mtindo huu. Mwaka 2009 Google ilitangaza kwamba haiangalii orodha ya maneno muhimu inayofichwa ndani ya ukurasa, na Februari 2011 ikaleta badiliko liitwalo Panda, lililozishusha kurasa zenye maneno mengi na habari haba. Panda pia ni moja ya komyuni 4 za Likasi. Mkazi wake akiandika jina hilo peke yake kwenye simu, ataletewa mnyama wa China. Hapo kuongeza neno Likasi kuna kazi. Ubaya hauko katika kulitaja jina.

Mfano mzuri zaidi ni Jadotville, jina la mji huu hadi 1966. Atafutaye jina hilo hukutana na mapigano ya Septemba 1961, kikosi cha Waireland chini ya Pat Quinlan, na filamu ya 2016. Sentensi moja inayosema kwamba Likasi ndiyo iliyokuwa Jadotville humfungulia mlango msomaji aliyejua jina la zamani tu. Jina hilo likitajwa mara moja, kwa sababu, inatosha.

Basi nimejaribu kuiandika upya aya ile, kichwa kikiwa "Malakiti ya Katanga, Likasi":

"Tunapokea malakiti ikiwa ghafi, tunaikata na kuing'arisha hapa hapa komyuni ya Kikula. Tunauza mawe kwa uzito, shanga na sanamu ndogo. Kutoka Lubumbashi ni kama kilomita 120 kwa barabara ya Kolwezi."

Sasa mna mikono inayofanya kazi, na kila sentensi inajibu swali ambalo mnunuzi angeuliza. Haiwezi kuhamishiwa Mwanza. Haiahidi nafasi ya kwanza, kwani viungo kutoka tovuti nyingine vina uzito wake, lakini atakayeufungua ukurasa atapata alichokifuata.

Kasoro yake ni bei, ambayo haimo. Mtu aliye Lubumbashi hatasafiri umbali huo kabla ya kuijua. Ningeiweka katika sentensi ya pili, kwa faranga na kwa dola, maana Katanga fedha zote mbili hutumika.