Mwalimu Anayengoja Macho

Mtu anayesikia akimwonyesha mtoto embe, hutamka "embe" huku mtoto bado amelikodolea tunda. Haina shida: jicho liko kazini, sikio nalo liko kazini. Mtoto kiziwi hana bahati hiyo. Tunda na jina lake vyote vinapita mlango mmoja, na viwili havipiti kwa mpigo. Ndiyo maana ufundi wa kufundisha watoto viziwi wadogo huanzia kwenye kungoja.

Nimemtazama mwalimu mmoja wa Dar es Salaam, naye mwenyewe kiziwi, akiwa kazini. Amekaa mkekani na mtoto wa miaka mitatu, embe katikati yao. Mtoto analigeuzageuza, analinusa, anang'ata ganda na kukunja uso. Mikono ya mwalimu imetulia mapajani. Mtoto anainua macho kutafuta maelezo, na hapo ndipo alama inapotoka, taratibu. Kidole kinarudi kwenye tunda, kisha alama tena. Mtoto asipoinua macho, mwalimu hamshiki kidevu kumgeuza. (Wanaofanya hivyo ni wengi, na mtoto hujifunza kukwepa uso wa mtu mzima.) Husogeza mkono wake hadi pale mtoto anapotazama, akatoa alama ubavuni mwa embe. Mpita njia ataapa kwamba mwalimu huyu amekaa tu.

Mengine yamepangwa kabla watoto hawajaingia. Mwalimu hukaa akielekea dirisha, kwa kuwa mwanga ukitokea mgongoni uso wake unageuka kivuli, na usoni ndiko iliko sehemu kubwa ya sarufi ya lugha ya alama: nyusi zikipanda, maneno yaleyale yanakuwa swali. Blauzi yake ni ya rangi moja, maana maua ya kitenge huchosha macho yanayofuata vidole. Watoto wanakaa nusu duara ili kila mmoja amwone mwenzake. Sakafu ni ya saruji, haipitishi mtikiso wa mguu kama mbao, basi huwaita kwa kupunga mkono au kugusa bega.

Mtoto akijaribu alama ya embe kwa kiganja kizima badala ya vidole, mwalimu hacheki wala hamnyooshi vidole. Anamjibu kwa alama iliyo sahihi na mazungumzo yanaendelea. Watoto viziwi wanaoona alama tangu uchanga hubwabwaja kwa mikono. Watafiti Laura-Ann Petitto na Paula Marentette walilichapisha hilo mwaka 1991, baada ya kuchunguza watoto wachanga kule Montreal. Vidole navyo vina utoto wake.

Ila wengi wa watoto hawa hawaoni alama tangu uchanga, kwa sababu wazazi wao wanasikia na hawajui hata alama moja. Shule za viziwi zipo: ya Tabora ilianza 1963, ya Buguruni 1974. Lakini mtoto akifikishwa bwenini na miaka saba au minane bila lugha yoyote, miaka bora ya kujifunza lugha imeshapita. Halafu likizo anarudi na lugha ambayo nyumbani hakuna wa kuijibu. Kwa hiyo nusu ya kazi ya mwalimu wangu iko kwa akina mama, na mimi naiona ndiyo nusu ngumu zaidi.

Mama mmoja alizoea kutoroka kwenda sokoni mtoto akiwa amelala, maana akimwona anaondoka hulia. Mtoto aliamka kila mara kwenye nyumba isiyo na mama, na hakuna aliyeweza kumweleza kwamba atarudi. Mwalimu hakumgombeza. Alimfundisha alama tatu, kwenda, soko na kurudi, akamwagiza aamshe mtoto, ashike kikapu, aage, na akirudi aage tena kinyumenyume: soko, nimerudi. Vilio vya siku za mwanzo vilikuwa palepale. Baadaye mtoto akawa ndiye anayeleta kikapu.

Kila mtu nyumbani hupewa alama ya jina, bibi kwa namna anavyofunga kanga, kaka kwa kovu lake. Ndugu wadogo hushika upesi kuliko wote. Akina baba huchelewa, wengi wakisubiri kifaa cha hospitali kimalize mambo. Shimesikio inasaidia, na upandikizaji wa vifaa vya usikivu unafanyika Hospitali ya Muhimbili tangu 2017, lakini kifaa hakileti lugha siku kinapowashwa, na mtoto hawezi kukaa bila lugha akikingoja.

Wewe ambaye mwanao hageuki ukimwita, mpeleke akapimwe masikio wiki hii, usingoje umri wa shule. Na ukishampata mwalimu, muulize wewe mwenyewe utaanza masomo siku gani.