Chozi la Msomaji na Hatima ya Susan

Baadhi ya wahakiki huyapuuza machozi ya msomaji, wakidai kwamba hayana uzito katika uhakiki. Mtazamo huu una walakini. Tuchukue mfululizo wa riwaya saba za kifantasia za C.S. Lewis kuhusu nchi ya Narnia, zilizochapishwa kati ya 1950 na 1956. Katika riwaya ya mwisho, The Last Battle, ndugu zake Susan wanafariki katika ajali ya garimoshi na kuingia katika furaha ya milele. Susan, aliyekuwa malkia pamoja nao, anaachwa nje. Wenzake wanadai kuwa sasa anajali mapambo na mialiko tu. Wasomaji wengi wameghadhabishwa na hatima hiyo, na mwaka 2004 Neil Gaiman aliijibu kwa hadithi fupi, The Problem of Susan.

Ghadhabu hii ni hoja ya kihakiki. Katika riwaya ya kwanza, Edmund aliyewasaliti nduguze alisamehewa. Kwa nini basi dada yake ahukumiwe kwa sentensi chache, tena asiwepo kujitetea? Fanani akiivunja ahadi aliyoiweka mwenyewe, hadhira ina haki ya kumdai.