"Mwamba" Si Kila Kigumu: Istilahi za Sakafu ya Bandari

Tangu ulipoanza mradi wa mwaka 2017 wa kuimarisha gati namba 1 hadi 7 za Dar es Salaam na kuziongezea kina, maneno ya sakafu ya bahari yametoka kwa wahandisi yakafika ofisini na madarasani. Miongoni mwayo, mwamba limebebeshwa mzigo usio wake. Mabaharia hulitumia kwa mawe na matumbawe yanayokwamisha vyombo. Walimu wa jiografia, kwa mawe ya ardhi ya kila aina. Hayo hayana kasoro. Tunalolipinga ni la wafasiri, wanaoliandika popote ramani ionyeshapo ugumu chini ya njia ya meli.

Zamani baharia alitia bildi, akajua kina cha maji. Siku hizi chombo hupeleka sauti majini. Sauti nyembamba hurudi kutoka sakafu ya bahari. Sauti nzito hupenya mashapo na kurudi kutoka tabaka lililo gumu zaidi. Lakini mwangwi hauna jina. Changarawe iliyoshikamana huweza kuutoa sawa na mwamba, na gesi iliyonaswa topeni huweza kuizuia sauti isifike chini. Ndiyo maana wataalamu hutoboa na kuchukua sampuli kabla ya kuthibitisha.

Mfasiri aandikapo mwamba kabla ya hapo, ametoa hukumu ambayo mtaalamu hakuitoa. Si jambo dogo. Tope hufyonzwa kwa bomba, ilhali mwamba hukatwa kwa meno ya chuma au hulipuliwa kwa baruti, na gharama zake hazilingani. Neno moja laweza kuzua madai baina ya mwenye bandari na mkandarasi.

Kwa hiyo tunapendekeza tabaka gumu kwa kilichotambuliwa kwa mwangwi, na mwamba kwa kilichothibitishwa kwa sampuli. Mashapo lijumuishe tope, mchanga na changarawe, na kila kimoja kitajwe kwa jina lake kinapojulikana.

Wapo watakaosema kwamba tabaka gumu ni maelezo, si istilahi. Hatukubaliani nao. Kilindini nalo ni maelezo, yaani mahali penye kilindi, na limetosha kuwa jina la bandari nzima. Istilahi njema haisemi zaidi ya kile kinachojulikana. Msomaji mwenye neno lililo bora zaidi na atuandikie.