Tim Alikua, Akawa Alf

Mvua ya mawe ya Kericho haina adabu. Inaanza saa nane mchana, inapiga mabati mpaka husikii hata mawazo yako, kwa hivyo Where No Vultures Fly niliitazama mara ya kwanza bila sauti. Haikuwa hasara. Ukiondoa sauti unaona vizuri nani kamera imempa uso na nani imempa mgongo.

Filamu ni ya 1951, kazi ya studio ya Ealing ya London, mwongozaji Harry Watt, na ilipigwa hapa Kenya. Anthony Steel ni Bob Payton, mzungu anayechoshwa na mauaji ya wanyama akaamua kuanzisha mbuga. Mhusika aliyetokana na Mervyn Cowie, yule wa mbuga zetu za kwanza. Mke wake ni Dinah Sheridan. Mtoto wao, Tim, ni William Simons, mvulana Mwingereza aliyezaliwa 1940. Piga hesabu. Alikuwa na miaka kumi hivi, na ameletwa porini kwetu kuigiza mtoto ambaye pori ni lake.

Nitasema ukweli: si uigizaji wa kukufanya uangushe kikombe. Lakini ana kitu kimoja ambacho watoto wengi wa filamu hawana, anatulia. Haombi upendwe. Watu wazima wanajadili ndovu na majangili, yeye yuko tu pale, anatazama, na wewe unajikuta unamtazama yeye. Watt alilijua hilo, nadhani, kwa sababu 1954 alipotengeneza mwendelezo, West of Zanzibar, mama alibadilishwa, akaja Sheila Sim. Mtoto akabaki yule yule. Watazamaji wangemeza mke mpya, lakini si Tim mpya.

Kati ya filamu hizo mbili, Oktoba 1952, hali ya hatari ilitangazwa Kenya. Ndani ya filamu shida yetu kubwa bado ni pembe za ndovu, na mtu wa kututoa shidani ni baba yake Tim.

Sasa angalia Mwafrika mwenye maneno ya kusema ni nani. Orlando Martins, mzaliwa wa Lagos. Edric Connor, wa Trinidad. Wote wawili waigizaji wakubwa, sina neno nao, na wote walikuwa wakifanyia kazi Uingereza. Yaani nchi yote hii, watu wote hawa, na Mwafrika wa kuongea akatolewa London pamoja na mtoto wa kizungu! Wenyeji wengi walibaki kuwa umati. Na mtoto Mwafrika wa rika la Tim, mwenye jina na hamu na woga wake? Sikumwona.

Simons hakuishia porini. Hapo ndipo hadithi yake inaponivutia, kwa sababu watoto wengi wa sinema sauti ikivunjika tu na kazi inavunjika. Yeye aliendelea, akazeeka kazini. Akawa konstebo Thackeray kwenye Cribb, msaidizi wa mpelelezi wa enzi za Victoria. Halafu 1992 ikaanza Heartbeat ya ITV, polisi wa kijiji cha Yorkshire miaka ya sitini, na Simons akawa Alf Ventress: mzito, mvivu kidogo, sigara mkononi, akili yote iko kwenye chakula. Alikaa humo mpaka ilipoisha 2010. Miaka kumi na minane! Kipaji ni kile kile cha Tim, kutulia na kuacha wengine wahangaike. (Kila Alf akishika kikombe huwa najiuliza kama kingekuwa kikombe cha kweli, kingekuwa na majani ya wapi. Sisi wa huku hatuwezi kujizuia.) Alipofariki 2019, Waingereza walimlilia Alf. Tim wengi wao hawakuwa wakimjua.

Hiyo ndiyo neema ninayomwonea wivu, kupewa kazi nyingi za kutosha mpaka ile ya utotoni ifunikwe. Linganisha na wale wa Machachari pale Citizen. Tyler Mbaya ni mtu mzima, lakini akipita mtaani bado ni Baha. Watu wanamwita kwa mapenzi, sikatai. Lakini pia tunamwita hivyo kwa sababu hatujampa Alf wake. Na Stycie Waweru wa Supa Modo, 2018, alibeba filamu nzima ya Likarion Wainaina kwenye mabega ya mtoto, akiwa Jo, msichana anayekufa huku kijiji kizima kikimtengenezea filamu yake. Kwangu mimi anamshinda Tim mbali sana. Uingereza ilikuwa na runinga ya kumlisha Simons kila wiki. Sisi tuna makofi.

Naandika kwa uchungu, najua. Nikiwa na miaka tisa, watu wa tangazo walikuja kwenye mashamba ya upande wa Bomet. Nyapara akatukusanya, tukavishwa vikapu vya mama zetu, tukaambiwa tucheke. Nilicheka kwa nguvu zangu zote. Jamaa wa kamera akanionyesha kwa kidole nisogee kushoto, halafu zaidi, halafu zaidi, mpaka nikatoka kabisa. Nilikuwa naziba chai. Nikapewa soda na nusu mandazi, na jioni nilimwambia mama kwamba nimeigiza.

Mvua ilikatika saa kumi na moja, nikairudia filamu na sauti. Tim anaongea zaidi ya nilivyodhani. Nyuma yake, sehemu moja, kuna kijana amesimama, anaangalia kamera moja kwa moja, kitu ambacho bila shaka alikatazwa. Nilirudisha nyuma mara tatu kumwangalia.