Mei 2013: Serikali Iliposogeza Mstari wa Ufaulu

Waliofuatilia Bunge Mei 3, 2013 wanakumbuka. William Lukuvi, wakati huo Waziri wa Nchi katika Ofisi ya Waziri Mkuu, alisimama mjini Dodoma na kutangaza kwamba serikali imefuta matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, na kwamba Baraza la Mitihani limeagizwa kuyachakata upya. Kabla mwezi haujaisha matokeo mapya yalikuwa yametoka. Hakuna mtahiniwa aliyekaa tena kwenye chumba cha mtihani. Hakuna mwalimu aliyeongezwa, wala kitabu. Hata hivyo ufaulu wa watahiniwa wa shule ulipanda kutoka asilimia 34.5 hadi 43.08, na waliopata divisheni wani wakaongezeka kutoka 1,641 hadi 3,242.

Lilikuwa kosa, na kosa lenyewe halihitaji darubini kuliona.

Utetezi wa serikali unajulikana. Tume ya Waziri Mkuu Mizengo Pinda, chini ya Profesa Sifuni Mchome, ilieleza kwamba kwa mtihani ule Baraza lilitumia viwango visivyobadilika vya kutunuku alama, tofauti na utaratibu wa miaka ya nyuma, na kwamba wadau hawakuandaliwa. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, na Baraza lilistahili kuulizwa. Lakini dawa ya utaratibu uliobadilishwa kimyakimya ni kuutangaza, kuujadili na kuupanga vizuri kwa mwaka unaofuata. Kuyarudia matokeo ambayo Waziri wa Elimu Shukuru Kawambwa alikwisha kuyasoma mbele ya taifa Februari 18 kulifanya kazi nyingine kabisa: kulipunguza aibu.

Tazama jinsi kosa lilivyofanyika. Kwa hesabu ya wakati ule mtahiniwa alihesabiwa masomo saba bora. A pointi 1, B pointi 2, C pointi 3, D pointi 4, F pointi 5. Mwenye F saba alikuwa na pointi 35. Mwenye D moja na F sita alikuwa na 34, bado ni ziro. Akipata D ya pili anashuka hadi 33, na hapo anaitwa amefaulu, divisheni foo. Kwa viwango vya 2012, D ilianzia alama 35. Sasa mweke mbele yako kijana wa shule ya kata mwenye 36 ya Kiswahili na 33 ya Uraia, na masomo mengine yote chini ya 20. Ni ziro. Teremsha mpaka wa D kwa alama chache tu, na kijana huyohuyo, mwenye karatasi zilezile na majibu yaleyale, ameingia kwenye orodha ya waliofaulu. Ukisogeza mpaka wa namna hiyo nchi nzima, ziro zinashuka kutoka 240,903 hadi 210,846 kama ilivyotokea. Watoto zaidi ya elfu 30 walivushwa mstari, na kilichokuwa kichwani mwao hakikubadilika hata chembe.

Na hasara kubwa haikuwa kwenye vyeti. Februari ile taifa lilikuwa limepewa taarifa ya thamani kuliko ripoti yoyote ya semina. Kiswahili ndilo somo lililoongoza kwa ufaulu, Hisabati ikashika mkia. Yaani lugha anayoielewa mtoto ilikuwa juu, na masomo mengine anayofundishwa kwa Kiingereza asichokielewa yakafuata nyuma. Safu hii imelisema hilo hadi wasomaji wamechoka: Tume ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari zifundishe kwa Kiswahili, na pendekezo likawekwa kabatini. Matokeo ya 2012 yangeweza kulitoa kabatini. Mjadala ukaishia kwenye mipaka ya madaraja.

Kuna na jingine lililopotea katika kelele zile. Watahiniwa wa 2012 waliingia kidato cha kwanza mwaka 2009, na mtihani wa kidato cha pili waliufanya 2010, wakati sharti la kuufaulu ndipo uendelee lilikuwa limeondolewa tangu 2008. Walikuwa wanafunzi wa shule za kata zilizofunguliwa kwa haraka, nyingi bila maabara, na baadhi ya walimu wao walikuwa wale waliopitia mafunzo ya wiki chache na kubatizwa jina la voda fasta. Kwa hiyo chanzo kilijulikana, na mtihani ulikuwa umekithibitisha. Mkuu wa shule makini angeyachukua matokeo yale ya Februari, akayapanga kwa somo, akaona ni wapi hana mwalimu na ni wapi ana mwalimu asiyefundisha. Mwezi wa tano akaambiwa takwimu zile si halali.

Kosa halikuishia hapo. Miezi hiyohiyo serikali ilikuwa inazindua Matokeo Makubwa Sasa, mpango ulioigwa Malaysia, ukiwa na malengo ya ufaulu ya asilimia 60 kwa mwaka 2013, 70 kwa 2014 na 80 kwa 2015. Mwishoni mwa 2013 viwango vikabadilishwa tena: A ikaanzia 75, D ikaanzia 30, ikatangazwa hata divisheni faivu, ambayo ilizua zogo na kuondolewa. Matokeo ya mwaka huo yakaja na ufaulu wa asilimia 58.25. Nani awezaye kusema ni kiasi gani cha ongezeko hilo kilitoka darasani na kiasi gani kilitoka kwenye jedwali la madaraja? Aliyewekewa lengo na mwenye kushika rula walikuwa serikali ileile. Mwaka uliofuata ikaja GPA, yaani wastani wa pointi badala ya divisheni. Ilipofika Januari 2016 Waziri wa Elimu Joyce Ndalichako akarudisha divisheni, uamuzi sahihi.

Mpango wa Matokeo Makubwa Sasa ulikuwa na mazuri pia: upimaji wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) darasa la pili na kushughulikia madai ya walimu.

Upangaji wa shule kwa ubora chini ya mpango huo nao ulileta jambo la kujifunza. Watafiti Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin waliufuatilia kwa shule za msingi na kukuta kwamba shule zilizokuwa mkiani mwa wilaya zao zilipandisha ufaulu, lakini pia idadi ya watoto waliofanya mtihani katika shule hizo ilipungua. Mwalimu mkuu akibanwa kwa asilimia peke yake, njia ya mkato ni kumpunguza mtoto dhaifu. Fedha peke yake nayo haitoshi. Utafiti wa KiuFunza katika shule 350, mwaka 2013 na 2014, ulionyesha kuwa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi, hata ilipofika shuleni yote, haikuongeza kujifunza ilipokuwa yenyewe; matunda yalionekana pale ilipoambatana na motisha kwa mwalimu kwa kila mtoto aliyefaulu jaribio.

Wazee walijua namna ya kuitumia namba ya mtihani bila kuiga Malaysia. Mwaka 1967 asilimia 67 ya watu wazima Tanzania hawakujua kusoma na kuandika. Mwalimu Nyerere aliutangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, wilaya chache zikatangulia, Mafia na Ukerewe zikiwamo, kisha 1975 nchi nzima ikapimwa. Jibu lilikuwa asilimia 39 bado hawajui. Namba ile ilikuwa chungu kwa serikali iliyokuwa imejitangaza kwa kisomo, lakini ilitangazwa hivyohivyo. Hakuna aliyeshusha kiwango cha kusoma ili ipungue. Madarasa ya kisomo yaliendelea, na 1977 ilikuwa imeshuka hadi 27. Hao ndio waliojua kutumia mtihani.

Leo Baraza la Mitihani limeacha, tangu Januari 2023, kutangaza shule kumi bora, na hilo halina ubaya. Kila mwaka linatoa pia uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, swali kwa swali, kazi nzuri isiyosomwa. Kinachodaiwa sasa ni viwango vya madaraja visiguswe mtihani ukishafanyika, na mabadiliko yoyote yatangazwe kabla wanafunzi hawajaingia kidato cha tatu. Na mzazi mwenye mtoto sekondari, katika kikao kijacho cha shule, aombe matokeo ya kila somo kwa miaka mitatu iliyopita, kisha amuulize mkuu wa shule Hisabati inafundishwa na nani na vipindi vingapi kwa wiki.