Wanyama na Kazi ya Kukata Umeme

Sifa za mpira huenda kwa wafungaji. Mtoto wa mtaani akijichorea namba mgongoni mwa fulana huchora tisa au kumi, sita huiacha. Lakini timu isiyo na namba sita hodari, yaani kiungo mkabaji au mkata umeme, ni nyumba isiyo na komeo: kila mpita njia huingia.

Mimi kila nikitaka kuisifu kazi hii humtaja Victor Wanyama. Alizaliwa Nairobi mwaka 1991 katika nyumba ya soka. Baba yake, Noah Wanyama, aliichezea AFC Leopards, na kaka yake, McDonald Mariga, alikuwa katika kikosi cha Inter Milan kilichotwaa Ligi ya Mabingwa Ulaya mwaka 2010. Victor akatembea kweli kweli: Helsingborg ya Uswidi, Germinal Beerschot ya Ubelgiji, Celtic ya Uskoti, Southampton na Tottenham za Uingereza, kisha Montréal, Kanada.

Mshambuliaji akihamia klabu mpya hutanguliwa na mabao yake. Mkabaji hana hesabu ya namna hiyo, maana sehemu kubwa ya kazi yake ni hatari ambazo hazikutokea. Kila anapofika huanza upya: ajue beki wa pembeni akipanda nani azibe pengo, ajue kipa huanzishaje mpira, ajue mabeki wa kati wana mbio kiasi gani. Yote hayo huyajifunza kwa jasho, mara nyingi katika lugha ngeni.

Na kukaba hakutaki papara. Mkata umeme mzuri humtazama mwenye mpira mabega na nyonga, akaziba njia ya pasi, akamsukumia pembeni, ndipo akatia mguu. Akishapokonya, hutoa pasi fupi kwa fundi wa timu na kurudi mahali pake. Wanyama alikuwa na kifua na nguvu, lakini Mauricio Pochettino, aliyemfundisha Southampton, hakumfuata tena mwaka 2016 akiwa Tottenham kwa sababu ya misuli peke yake. Msimu huo wa 2016/17 Tottenham walimaliza wa pili Ligi Kuu wakiwa wamefungwa mabao 26 tu, machache kuliko timu nyingine yoyote. Mabeki walisifiwa, na walistahili. Mbele yao alisimama Mkenya.

Siku moja moja kazi hiyo ilimlipa mbele ya macho ya wote. Novemba 7, 2012, Barcelona ya Xavi, Iniesta na Messi ilikwenda Glasgow na kuumiliki mpira karibu muda wote. Celtic wakapata kona. Wanyama akajitenga na Jordi Alba kwenye nguzo ya mbali, akaruka, akaupiga kichwa ukatikisa nyavu. Celtic wakashinda 2-1. Februari 2018, goti likiwa limemweka nje miezi kadhaa, aliingia Anfield akiwa na Tottenham, mchezo ukielekea ukingoni. Kipa wa Liverpool akaupangua mpira kwa ngumi, ukamkuta Wanyama nje ya kumi na nane. Hakuutuliza. Aliufumua hivyo hivyo, ukaingia juu pembeni.

Mabao hayo mawili ndiyo tunayoyakumbuka, nayo ni matamu. Ila mwaka 2025, Neil Lennon, aliyemsajili Celtic mwaka 2011, alipomwita tena Uskoti kuichezea Dunfermline, alimwita mtu ambaye maisha yake ya mpira yalijengwa na mamia ya pasi zilizozibwa bila shangwe.

Makocha wa watoto, mkipata kijana anayeona hatari kabla ya wenzake, msimsogeze mbele ili afunge. Mwacheni hapo katikati, mfundisheni subira, na mkimaliza mechi bila kufungwa, mtajeni kwa jina mbele ya wenzake.